Udongo unaoenda na maji: namna ya kuuhesabu kwa karte katika bonde la Ruzizi



Kila mwaka, mvua za kwanza za mwezi wa tisa zikianguka, vijito vinavyoshuka kwenda Ruzizi vinageuka rangi. Juma moja mbele yake maji yalikuwa safi, mtu aliona mawe chini. Sasa yamekuwa mekundu na mazito sawa uji. Sisi sote tunaliona jambo hilo, hata watoto wa shule ya msingi wanaliona. Lakini ni wachache wanaouliza: udongo ule umetoka katika shamba gani? Na ni kiasi gani? Ni kikapu kimoja, ao kamio moja, ao makamio elfu?

Mwaka huu sisi wa kikundi cha jeografia tulijifunza namna watu wa elimu wanavyojibu maulizo hayo kwa kutumia karte. Tunaandika habari hii kwa sababu moja ya wazi: salongo ya kuchimba mifereji na kupanda majani ya kuzuia erozio inakaribia, na majembe ni machache. Tukichimba kila fasi, hatutamaliza hata fasi moja. Sharti tujue wapi pa kuanzia. Karte inaweza kutusaidia, lakini ina mipaka yake, na mipaka hiyo sharti ijulikane pia.

1. BONDE LA MTO NI NINI?

Tukisema hapa «bonde la mto» hatutaki kusema ile tambarare ya chini peke yake. Tunataka kusema fasi yote ambayo tone la mvua likianguka pale, mwisho wake litapita chini ya daraja moja. Kama unataka kuchora bonde la kijito fulani, simama darajani, kisha panda kwa mawazo juu ya mgongo wa mlima upande wa kuume, zunguka vilele vyote, shuka kwa mgongo wa kushoto mpaka umerudi darajani. Mvua inayoanguka ndani ya mstari huo ni ya kijito chako. Inayoanguka inje, hata kwa hatua moja, ni ya jirani.

Ruzizi inatoka katika ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye kimo cha meta 1 460 hivi, na inaingia katika ziwa Tanganyika kwenye kimo cha meta 770 hivi. Ni kusema njiani inashuka karibu meta 700. Kwanza ni mpaka wa Kongo na Rwanda, halafu kwa sehemu kubwa ni mpaka wa Kongo na Burundi. Upande wa Burundi inapokea Kaburantwa, Kagunuzi na Mpanda. Upande wetu inapokea Sange na mito mingine inayotoka milimani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Ziwa ni sawa chombo kikubwa cha kutuliza maji. Udongo unaoingia katika ziwa Kivu unashuka chini na kubaki pale. Basi maji yanayotoka ziwani kuingia Ruzizi hayana udongo mwingi. Udongo tunaouona katika tambarare, kwa sehemu kubwa, ni wa milima iliyo chini ya Bukavu: ni wa vijito vyetu na vya majirani wetu. Hatuwezi kusema umetoka mbali.

Na tunajua unafanya nini. Ruzizi ina mabwawa mawili ya umeme: Ruzizi I, iliyojengwa katika miaka ya mwisho ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka wa 1989 kwa faida ya inchi tatu. Udongo na takataka vinajaa katika maji yanayozuiliwa na mabwawa hayo, na vinapunguza kazi ya mashine. Taa ikizimika kwetu wakati wa mazoezi ya usiku, tunalalamika juu ya watu wa umeme. Kumbe wakati mwingine sababu moja iko juu ya kilima.

2. MAMBO MATANO YA KUZIDISHA

Wamarekani wawili, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walikusanya vipimo vya vipande vidogo vya mashamba vilivyofanywa katika fasi nyingi za inchi yao. Ukijumlisha miaka ya kila kipande, unapata zaidi ya miaka 10 000 ya vipimo. Kutokana nayo walitoa hesabu moja fupi, ambayo waliitangaza mwaka wa 1965 na kuitengeneza tena mwaka wa 1978. Mwaka wa 1997 wengine waliitengeneza upya, na ile ya 1997 ndiyo inayotumiwa sana leo pamoja na karte. Inasema hivi:

Hasara = Mvua × Udongo × Mteremko × Mafuniko × Matunzo

Hasara ni toni za udongo zinazoondoka katika hektari moja kwa mwaka. Tuangalie yale matano, moja kwa moja.

MVUA. Haitoshi kujua ni milimita ngapi zilianguka. Milimita 40 zikianguka polepole usiku kucha, udongo unazinywa. Milimita 40 zikianguka katika nusu saa, matone yanapiga udongo sawa nyundo, yanaupasua, na maji yanakimbia nao. Kwa hiyo hesabu inatazama nguvu ya mvua, zaidi sana nguvu ya zile dakika 30 zilizo kali kushinda zingine.

UDONGO. Kuna udongo unaoshikamana na kuna unaovunjika upesi. Mchanga mkubwa ni mzito, maji yanaubeba kwa shida. Udongo wa mfinyanzi unashikamana. Ule ulio kati, wa chembe ndogo zisizoshikamana, ndio unaoenda upesi. Na udongo wenye mboji nyingi unakaa vizuri kushinda ule uliochoka.

MTEREMKO. Hapa kuna mambo mawili: ukali na urefu. Kipimo cha kulinganisha ni kipande chenye urefu wa meta 22,13 na mteremko wa 9%. Hicho kinaitwa 1. Mteremko wa 20% wenye urefu ule ule unapata 2,8 hivi. Wa 40% unapata 5,7 hivi. Kuhusu urefu: ukiongeza urefu mara nne, kutoka meta 22 mpaka meta 88, hasara ya kila hektari inazidi karibu mara mbili, kwa sababu maji yanayotoka juu yanajikusanya na kupata mbio.

MAFUNIKO. Ni kusema kile kinachofunika udongo. Udongo wazi pasipo kitu juu yake ni 1. Eric Roose, aliyefanya kazi miaka mingi katika Afrika ya Magharibi, alitoa hesabu zinazotumiwa hata kwetu: msitu mzito 0,001, kahawa ao mingazi yenye majani ya kufunika udongo chini yake, 0,1 mpaka 0,3, muhogo wa mwaka wa kwanza 0,2 mpaka 0,8, mahindi ao mtama 0,4 mpaka 0,9.

MATUNZO. Ni kazi ya mikono ya mkulima ya kuzuia maji: kulima kwa kukata mteremko, kupanda mistari ya majani, kufanya matuta. Kama hakuna matunzo yoyote ni 1. Yakiwa mazuri hesabu inashuka.

Sasa tazameni vizuri ile orodha. Mvua hatuwezi kuibadilisha. Aina ya udongo, si leo wala kesho. Ukali wa mlima uliwekwa pale mbele yetu. Lakini urefu wa mteremko tunaweza kuukata kwa mifereji, mafuniko ni sisi tunayoyapanda, na matunzo ni mikono yetu. Hilo ndilo neno kubwa la habari yetu yote, na tutalirudia.

Mwanafunzi mmoja wa kikundi alishangaa: «Basi mlima mkali ndio unaoharibu!» Tukafanya hesabu. Msitu kwenye mteremko wa 40%: 5,7 × 0,001 = 0,0057. Muhogo mpya kwenye mteremko wa 20%, tukishika 0,5 kwa mafuniko: 2,8 × 0,5 = 1,4. Kwa mvua moja na udongo mmoja, shamba lile la mteremko wa nusu linapoteza zaidi ya mara 200 kushinda mlima mkali wenye msitu. Ni mlima uliovuliwa nguo unaoharibu.

3. KARTE ZINATOKA WAPI?

Zamani mtu alihesabu mteremko kwa karte ya karatasi yenye mistari ya kimo. Hata leo tunapaswa kujua kazi hiyo, maana umeme si wa kila siku. Kwa mfano, kwenye karte ya 1/50 000, milimita 1 ni meta 50. Kati ya mstari wa meta 1 500 na mstari wa meta 1 600 unapima milimita 5. Ni kusema meta 250 kwa mlalo. Umepanda meta 100 kwa meta 250: mteremko ni 40%. Mistari ikikaribiana, mlima ni mkali. Ikiachana, ni fasi ya polepole.

Kwa bonde zima kazi hiyo ingemaliza macho. Kwa hiyo leo inafanywa na ordinatere. Mwezi wa pili wa mwaka 2000, chombo cha angani cha Wamarekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kimo cha inchi kwa rada. Kilikuwa na antena mbili, moja ndani yake na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa meta 60, sawa vile mtu ana macho mawili ili ajue umbali wa kitu. Vipimo vyake vimegawanywa katika miraba ya meta 30 kwa meta 30, na tangu 2014 vya Afrika vinapatikana bure kwa ukubwa huo. Kila mraba una hesabu moja: kimo chake.

Ordinatere inachukua kila mraba na kuulinganisha na majirani wake nane. Inauliza: jirani gani yuko chini kwa mteremko mkali kushinda wengine? Maji yanaenda kwake. Halafu jirani huyo naye anaulizwa vile vile, mpaka maji yamefika mtoni. Ukiionyesha daraja lako, inarudisha nyuma njia zote na kukuchorea bonde lako. Kazi ya programu hiyo inafanywa vizuri na QGIS, iliyoanza mwaka wa 2002 na isiyolipiwa faranga hata moja.

Mafuniko yanatazamwa kwa picha za satelite. Landsat ya kwanza iliruka mwaka wa 1972, na tangu 2008 picha zake zote ni za bure. Sentinel-2 ya Ulaya iliruka mwaka wa 2015, na kila mraba wake ni meta 10 kwa meta 10. Satelite hizo hazioni mwangaza wa macho yetu tu. Jani bichi linarudisha sana mwangaza fulani ambao jicho halioni, na udongo wazi haufanyi vile. Hivyo tunajua wapi ni majani na wapi ni udongo mtupu.

Lakini angalisho! Katika mwezi wa saba hakuna mawingu, picha ni nzuri kabisa. Ila ni kiangazi. Mvua inaanza mwezi wa tisa, wakati wamama wamekwisha kulima na udongo uko wazi. Mwezi wa kumi na mbili mahindi yamefunika fasi ile ile. Picha moja haitoshi. Sharti kutafuta picha za miezi mbalimbali.

Karte za udongo nazo ziko, zilizofanywa kwa dunia nzima. Zile tulizozitazama zina miraba ya meta 250. Mraba mmoja ni hektari 6 na robo: ndani yake kwetu kuna mashamba ya jamaa nyingi, na bila shaka aina nyingi za udongo.

Mwisho wa kazi, ordinatere inaweka karte tano moja juu ya nyingine na kuzidisha mraba kwa mraba. Inatoka karte ya sita yenye rangi: kijani fasi ya hasara ndogo, manjano ya katikati, nyekundu fasi ya hatari.

4. HESABU YA MFANO

Tufanye zoezi, si kipimo cha shamba la mtu. Tuseme mvua ni 3 000, udongo ni 0,015 (kwa vipimo vinavyotumiwa na hesabu hiyo). 3 000 × 0,015 = 45. Shamba ni la muhogo, mteremko 20%, urefu meta 88 pasipo kukatwa: 2 × 2,8 = 5,6. Mafuniko 0,5. Matunzo hakuna, yaani 1.

45 × 5,6 × 0,5 × 1 = toni 126 kwa hektari kwa mwaka. Ni makamio 12 na zaidi ya toni 10.

Sasa tuchimbe mifereji inayofuata mlalo, kila baada ya meta 22. Urefu unarudi kuwa 1, mteremko unabaki 2,8. Hasara: 45 × 2,8 × 0,5 = toni 63.

Tuchanganye maharagi katika muhogo na kuacha majani makavu juu ya udongo pasipo kuyachoma. Tuseme mafuniko yanashuka mpaka 0,2. Hasara: 45 × 2,8 × 0,2 = toni 25.

Tupande mistari ya matete ao setaria juu ya kila mfereji, na tuseme matunzo yanashuka mpaka 0,5. Hasara: toni 12,6.

Kutoka 126 mpaka 12,6! Mvua haikupungua, mlima haukulala, na mwenye shamba bado anakula muhogo wake. Tena ana maharagi, na majani ya mbuzi.

Toni 12,6 ni nini kwa macho? Milimita moja ya udongo juu ya hektari nzima ni meta kibiki 10, na uzito wake ni toni 12 ao 13. Basi shamba letu la kwanza lilikuwa linapoteza karibu milimita 10 kila mwaka: sentimeta moja. Udongo mweusi wa juu unaolisha mimea, ukiwa wa sentimeta 20, utakwisha katika miaka 20. Ni kusema mtoto anayezaliwa leo, akifikia umri wa kuoa, atapewa na baba yake mawe.

5. YALE AMBAYO KARTE HAIONI

Tusiiabudu karte. Ina upofu wake.

Kwanza, hesabu hii inahesabu udongo unaotoka polepole juu ya uso wa shamba. Haihesabu makorongo makubwa yanayofunguliwa na maji ya barabara na ya mabati, kama yale tunayoyaona Bukavu, hata Kinshasa. Haihesabu kilima kinachoanguka chote pamoja. Tarehe 4 ya mwezi wa tano 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, maji na matope na mawe yaliua watu zaidi ya 400. Mwezi wa nne wa 2020 mto Mulongwe ulivunja kartie za Uvira na kuua watu kwa makumi. Karte ya rangi tatu haitoshi kusema fasi gani jambo kama hilo litatokea. Kwa ajili ya hatari hiyo kuna kazi nyingine ya kufanya: kutazama nyufa za mlima, mawe makubwa, nyumba zilizo katika njia ya mto. Mtu asiseme: «Kwetu ni kijani, tulale.»

Pili, udongo unaotoka shambani haufiki wote mtoni. Mwingine unatulia chini ya kilima, katika majani, katika mashimo ya ndizi. Kwa hiyo mtu asijumlishe toni zote za karte na kusema: «Hizi zimeingia Ruzizi.»

Tatu, hesabu ilizaliwa katika mashamba ya mteremko mdogo ya Amerika. Kwenye milima yetu mikali inaweza kudanganya sana. Tena juu ya msitu, rada inapima kimo cha majani, si cha udongo.

Basi inafaa nini? Inafaa kwa kulinganisha. Tukiona kijito A ni chekundu na kijito B ni manjano, hata kama toni zenyewe si za kweli kabisa, tunajua wapi pa kuanzia. Ndiyo kazi ya karte.

6. KUPIMA KWA FIMBO NA CHUPA

Kisha karte, miguu. Kila shule inaweza kufanya vipimo hivi vitatu pasipo feza nyingi.

a) FIMBO ZA CHUMA. Kata vyuma vyembamba vya sentimeta 50. Vipigilie mpaka sentimeta 40 zimeingia, kumi zibaki juu. Weka kumi ao ishirini katika shamba, juu, katikati na chini. Mwisho wa masika pima upya. Mahali ambapo sasa unaona sentimeta 11, udongo umeondoka milimita 10. Mahali ambapo unaona 9, udongo umeletwa na kubaki.

b) CHUPA. Mvua ikinyesha, chota litre moja ya maji kwa ndoo yenye kamba, ukisimama darajani, usiingie mtoni hata kidogo! Acha itulie mpaka maji yawe safi, mwaga maji ya juu, kausha matope, pima uzito. Halafu kadiri maji ya mto: upana × kina × mbio. Tuseme upana meta 5, kina nusu meta, na kijiti kinaelea meta 2 kwa sekunde: ni meta kibiki 5 kwa sekunde, ni kusema litre 5 000. (Maji ya chini yanaenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo hesabu hii inazidi kidogo.) Kama kila litre ina grama 3, mto unabeba kilo 15 kila sekunde. Kwa saa moja ni toni 54. Darasa likiona hesabu hiyo ubaoni, watu wananyamaza.

c) KIPIMO CHA «A». Funga miti miwili ya meta 2 kwa juu, weka mti wa kati ili ifanane na herufi A, tundika jiwe kwa kamba kutoka juu. Weka alama katikati ya mti ule wa kati. Kamba ikipita juu ya alama, miguu miwili iko kwenye kimo kimoja. Piga kijiti, geuza A, endelea. Vijiti vyako vinachora mstari wa mlalo, na hapo ndipo mfereji unachimbwa. Mfereji usiofuata mlalo ni mbaya kushinda kukosa mfereji, maana unakusanya maji na kuyapeleka fasi moja, na pale ndipo korongo linazaliwa.

7. SHAMBA NYEKUNDU NI LA NANI?

Hapa tunafika kwenye jambo lililoleta mabishano makubwa katika kikundi chetu, na tunataka wote walifikiri.

Fasi nyekundu ya karte si rangi tu. Ni shamba la mtu. Mara nyingi ni la mtu asiye na lingine. Wengi wanalima kule juu kwenye mteremko kwa sababu tambarare imejaa, ao ina wenyewe, ao vita viliwafukuza kwenye mashamba yao ya zamani. Wengine kati yetu walisema: «Wakatazwe kulima pale, ipandwe miti.» Wengine wakajibu: «Na watoto wao watakula miti?» Na katika watoto hao wako wanaokaa nasi darasani.

Wazee wetu wana kumbukumbu ya jambo hili. Wakati wa Wabelgiji watu wa Kivu walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia erozio. Kazi yenyewe haikuwa na ubaya, mifereji ilizuia maji. Lakini ilifanywa kwa amri na kwa hofu, na hakuna aliyeketi na mkulima kumweleza. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, wengi waliiacha ijae, maana machoni pao ilikuwa mifereji ya wakoloni. Mlima ndio ulioumia.

Basi neno letu ni hili. Karte isitumiwe kama hukumu. Mtu asiende kwa mama fulani na kumwambia: «Shamba lako ni nyekundu, ondoka.» Aende na hesabu ile ya mfano: kutoka 126 mpaka 12,6, na mtu bado yuko shambani mwake. Aende na kipimo cha A begani na jembe mkononi. Yale matatu yaliyo katika uwezo wetu, kukata urefu, kufunika udongo na kuzuia maji, hayamfukuzi mtu. Yanamsaidia kubaki.

Kwa hiyo tunaomba walimu na wakubwa wa shule mambo mawili. La kwanza: salongo ya masika haya isitawanywe kila fasi, ila ishike bonde la kijito kimoja tu, kile chekundu kushinda vingine, na ianze juu kwenye mgongo wa mlima ikishuka, si chini ikipanda. Mfereji wa chini ukichimbwa kwanza, mvua moja kubwa itaujaza. La pili: wenye mashamba waitwe mbele ya siku ya kazi, waonyeshwe karte, wasahihishe yale ambayo satelite ilikosa kuona. Wao wanajua jiwe lililojificha, chemchemi, na fasi ambapo maji yalipita mwaka jana.

Mwanadamu alipewa bustani kwa kazi mbili, si moja. Kulima tunajua toka utoto. Ile nyingine, kutunza, ndiyo bado tunajifunza.

Mwenye maulizo ayaandike kwenye karatasi na kuyatia katika sanduku la gazeti letu. Mwenye chuma kizee nyumbani, hata kifupi, tafadhali akilete: fimbo za kupimia bado zinakosekana.

Kikundi cha jeografia, mwaka wa tano